Kipokezi cha Duffy na upungufu usiokuwepo

Tuchukue mfano wa karatasi ya majibu ya picha kamili ya damu, ya aina inayotoka kila siku katika maabara za Uganda. Mwenye damu ni mwanamke wa miaka 29. Hana homa, hana vidonda mdomoni, hatumii dawa yoyote. Hemoglobini yake ni gramu 13.1, chembe sahani 210,000. Seli nyeupe ni 3,600 kwa maikrolita, na kati ya hizo nyutrofili, askari wa kupambana na bakteria, ni asilimia 32. Zidisha 3,600 kwa 0.32, unapata 1,152. Kando ya namba hiyo mashine imechapa herufi L, kwa kuwa ilitoka kiwandani ikiwa imepangwa kuona chochote kilicho chini ya 1,500, nyingine hata 2,000, kuwa pungufu.

Herufi hiyo ina madaraka makubwa kuliko inavyostahili. Ikimkuta mama huyo anaanza kemo, yaani dawa za saratani, dozi itasogezwa mbele wiki moja au itapunguzwa. Ikimkuta anaomba kushiriki jaribio la dawa mpya, atarudishwa nyumbani. Ikimkuta anatumia zidovudini, dawa ya VVU, itabadilishwa. Na yeye si mgonjwa wa damu. Anachokosa ni kipokezi kimoja cha kemokini juu ya chembe zake nyekundu, kipokezi ambacho karibu watu wote wa ukanda huu hawana, na ambacho kukosa kwake hakujawahi kuthibitishwa kuwaletea maambukizi zaidi.

Kemokini ni protini ndogo ambazo tishu iliyoumia au iliyovamiwa huzitoa ili kuziita seli nyeupe. Seli nyeupe huupokea mwito huo kwa vipokezi vilivyochomekwa kwenye utando wake, kila kimoja kikiupenya utando mara 7. Kipokezi cha Duffy, ambacho wataalamu siku hizi hukiita ACKR1, ni cha pekee katika ukoo huo. Hushika kemokini zaidi ya 20 za makundi tofauti, lakini kikishazishika hakipeleki habari ndani ya seli kwa njia ya vipokezi vingine. Huzihifadhi, au huzivusha ukuta wa mshipa. Jina lake ni la mgonjwa wa hemofilia wa Uingereza aliyekuwa ameongezewa damu mara nyingi; mwaka 1950 damu yake ndiyo iliyofichua kundi hili jipya. Mwaka 1976 ikadhihirika kwamba vimelea vya malaria vya Plasmodium vivax huingilia hapo, ndiyo sababu malaria hiyo ni adimu kwetu na kinachotuua ni falciparum. Mwaka 1993 ikabainika kwamba mlango huo wa vimelea ni kipokezi cha kemokini. Mwaka 1995 likapatikana badiliko lenyewe: herufi moja ya jeni, T, imekuwa C.

Mahali ilipo herufi hiyo ndipo penye uzito. Haimo ndani ya maelezo ya kujenga protini. Imo kwenye swichi, pale protini iitwayo GATA-1 inapojishika ili kuwasha jeni ndani ya seli changa za chembe nyekundu. Swichi ikiharibika, chembe nyekundu hazitengenezi Duffy. Lakini seli za kuta za mishipa midogo ya damu zina swichi yao nyingine, na hiyo haikuguswa. Kwa hiyo mtu anayeandikwa "Duffy hana" anayo Duffy mwilini, kwenye mishipa. Kinachokosekana ni kwenye chembe nyekundu tu. Wanaosema Waafrika "hawana jeni ya Duffy" wanakosea, na kosa hilo huwapeleka kwenye hitimisho baya kuhusu kinga yetu.

Uhusiano wake na nyutrofili ulithibitishwa mwaka 2009, watafiti walipoifuatilia idadi ndogo ya seli nyeupe za Wamarekani weusi hadi kwenye kromosomu ya 1, wakafika kwenye herufi ileile moja. Kwa nini chembe nyekundu ziamue idadi ya nyutrofili? Jibu lilianza kuonekana mwaka 2017. Ndani ya uboho, seli changa za chembe nyekundu hukaa bega kwa bega na seli mama za damu. Pasipo Duffy hapo, seli mama huzaa nyutrofili zenye tabia tofauti kidogo: zimejiandaa zaidi, na hutoka upesi kwenye damu kuelekea kwenye tishu, hasa bandama. Uboho unafanya kazi yake. Sindano inayochomwa mkononi inakuta nyutrofili chache kwa sababu nyingi zimeshaondoka barabarani. Kuzihesabu kwenye mshipa na kudai ndiyo akiba yote ya mwili ni sawa na kuhesabu boda boda za Kampala kwa kusimama kwenye barabara moja.

Sasa linganisha na kipokezi kingine cha ukoo huo. Mwaka 1996 iligunduliwa kwamba baadhi ya Wazungu wamepungukiwa herufi 32 katika jeni ya CCR5, na wenye nakala mbili za upungufu huo, kama mtu 1 kati ya 100, hawaambukizwi kirahisi VVU, kwa kuwa virusi huingilia kwenye kipokezi hicho. Hapo palionekana fursa. Kampuni ya dawa ya Pfizer walichuja makemikali kwa wingi wakitafuta kitakachoziba CCR5, na Agosti 2007 vidonge vya maraviroki viliidhinishwa Marekani. Miaka 11 tu. (Uganda dawa hiyo ina kikwazo chake: aina D ya VVU, ambayo ni mojawapo ya aina mbili kuu hapa, mara nyingi huhamia kwenye kipokezi cha CXCR4, na hapo maraviroki haina la kufanya.) Tena kukosa CCR5 kuna gharama. Mwaka 2006 ilionekana kwamba wasio nayo huugua zaidi virusi vya West Nile vinapowapata, virusi vilevile vilivyotengwa mara ya kwanza mwaka 1937 kutoka kwa mwanamke mwenye homa katika wilaya ya West Nile.

Wazungu wachache wakakosa kipokezi, ikawa bahati na ikazaa dawa. Waafrika wengi mno wakakosa kipokezi, ikaitwa upungufu. Hata jina la kitabibu lililotumika miaka mingi, upungufu wa kikabila wa nyutrofili usio na madhara, limewafanya mamilioni ya watu wenye afya kuwa na ugonjwa ambao dawa yake ni kuwaacha. Nashika upande wa wale wanaotaka jina hilo lifutwe na mahali pake iandikwe tu idadi ya kawaida ya mtu asiye na Duffy kwenye chembe nyekundu.

Tumrudie mama wetu mwenye 1,152. Kwenye jedwali la CTCAE toleo la 5, linalotumiwa na watu wa saratani kupanga madhara ya dawa kwa madaraja, nyutrofili kati ya 1,000 na 1,500 ni madhara ya daraja la 2. Maana yake huyu mama ana madhara ya daraja la 2 kabla hajameza kidonge kimoja. Kwenye jedwali la DAIDS, idara ya utafiti wa UKIMWI ya Marekani, la mwaka 2004, lililotumika katika majaribio mengi ya UKIMWI, daraja la 1 lilikuwa kati ya 1,000 na 1,300, kwa hiyo ana daraja la 1. Kwenye toleo la 2.1 la jedwali hilohilo, la mwaka 2017, daraja la 1 huanzia 1,000 kwenda chini hadi 800, kwa hiyo hana kitu. Damu ni ile ile, siku ni ile ile, majibu ni matatu. DAIDS walilegeza, na walifanya vyema. Itifaki nyingi za saratani zinazoletwa hapa bado zinadai 1,500 siku ya kwanza ya kila duru.

Haiwezekani kujitetea kwamba takwimu za hapa hazikuwepo. Mwaka 2004 ulichapishwa utafiti wa Waganda 3,311 wasio na VVU, kuanzia watoto wa wiki moja hadi wazee wa miaka 92, ukiwa na lengo hilo hilo la kupima kama viwango vya kigeni vinatufaa. Baadaye zikaja tafiti za wachangiaji damu wa Uganda, na ile ya pamoja ya Uganda, Kenya, Rwanda na Zambia. Zote zinaelekeza upande mmoja: kikomo cha chini cha mtu mzima mwenye afya kiko karibu na 1,000. Miaka zaidi ya 20 imepita na mashine bado zinachapa L.

Kwenye matibabu, madhara ni ya aina mbili na yanavutana. Kwanza, tiba inapunguzwa bila sababu. Kemo ni dawa ya ratiba: duru ya siku 21 ikisogezwa wiki moja mara tatu, mgonjwa amepoteza duru nzima, na uvimbe haungoji. Pili, yanafanyika mambo yasiyohitajika: sindano za filgrastimu za kupandisha nyutrofili, zenye bei na maumivu ya mifupa, au kutobolewa uboho. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2021 uliangalia waliotobolewa uboho kwa sababu tu seli nyeupe zilikuwa chache. Kati ya waliokuwa na nakala mbili za herufi C, karibu wote walikutwa na uboho wa kawaida kabisa.

Klozapini ni mfano mzuri wa kanuni iliyorekebishwa. Ni dawa ya skizofrenia iliyoshindikana kwa dawa nyingine, na inaweza kweli kuangamiza nyutrofili, ndiyo maana damu hupimwa kila wiki kwa miezi 6 ya mwanzo. Kanuni ya jumla ya Marekani ya mwaka 2015 ilidai mtu aanze akiwa na angalau 1,500 na asimamishwe akishuka chini ya 1,000. Mwaka huohuo Marekani iliweka mizani ya pili kwa watu wa aina yetu: anza ukiwa na 1,000, simamisha chini ya 500. Daktari wa akili hapa anayefuata kipeperushi cha zamani anawanyima dawa watu ambao kipeperushi kipya kinawaruhusu, na kwa ugonjwa huo mara nyingi hakuna dawa ya pili ya kukimbilia.

Kwenye ARV tulipata somo letu wenyewe. Jaribio la DART, lililofanyika Uganda na Zimbabwe na kuchapishwa mwaka 2010, liliwafuatilia watu 3,316. Wote walipimwa damu kila wiki 12, lakini kwa kundi moja majibu hayakurudishwa kwa daktari isipokuwa ayaombe kwa sababu ya kitabibu, au yawe ya hatari ya daraja la 4. Upimaji wa kila mara wa sumu ya dawa haukuleta nafuu ya maana. Zidovudini ni dawa inayokandamiza uboho kweli, na hata hivyo kuifukuzia kila namba ndogo hakukuokoa watu.

Kabla hatujailaumu namba, tuiangalie inavyozaliwa, maana makosa mengi yako hapo. Damu ya chupa ya kifuniko cha zambarau inatakiwa ijae hadi alama yake na ipinduliwe taratibu mara 8 hadi 10 papo hapo. Ikiganda hata kidogo, nyutrofili hunaswa kwenye donge na mashine haizioni. Ipimwe ndani ya saa 6 hadi 8. Sampuli iliyozunguka siku nzima kwenye sanduku la pikipiki juani hufika ikiwa na nyutrofili zilizovimba, na mashine huzichanganya na seli nyingine. Saa ya kutoa damu nayo ina neno: asubuhi nyutrofili huwa chache kuliko alasiri, na aliyekimbia kuwahi kliniki atakuwa nazo nyingi kwa muda. Mgonjwa anayelinganishwa na yeye mwenyewe apimwe saa zilezile.

Halafu kuna mashine zenyewe. Nyingi za vituo vya chini hugawa seli nyeupe makundi matatu tu, na kinachoandikwa "granulositi", seli nyeupe zenye chembechembe, si nyutrofili peke yake. Kwa mtu wa mwaloni wa Ziwa Albert mwenye kichocho, eosinofili, seli nyeupe zinazoongezeka kwa minyoo, zinaweza kuwa sehemu kubwa ya seli nyeupe, na mashine ya aina hiyo huzitupa kundi moja na nyutrofili au kundi la kati. Namba inaongopa upande wowote. Dawa yake ni slaidi na hadubini.

Na slaidi nayo ina mpaka wake, jambo ambalo naona halisemwi vya kutosha. Mtaalamu wa maabara anahesabu seli 100, anabonyeza kihesabio, anapata nyutrofili 32. Kwa bahati ya kuokota seli tu, bila kosa lolote la mkono, idadi halisi inaweza kuwa popote kati ya asilimia 23 na 42. Kwa seli nyeupe 3,600, hiyo ni kati ya 828 na 1,512. Slaidi moja, mhesabuji mmoja hodari, na mgonjwa anaweza kuwa "mbaya" au "mzima". Akihesabu seli 200 nafasi hiyo hupungua hadi kama asilimia 26 na 39, yaani 936 na 1,404. Kwa hiyo kama uamuzi wa kusogeza kemo unategemea namba iliyo karibu na mpaka, seli 200 ndiyo kima cha chini. Inaongeza dakika chache tu.

Haya yote hayampi mtu ruhusa ya kudharau nyutrofili chache. Kukosa Duffy kunaweza kumweka mtu kwenye 1,000 hadi 1,500, pengine chini yake kidogo, na kumweka hapo miaka yote. Hakumshushi ghafla. Hakupunguzi hemoglobini wala chembe sahani. Namba iliyokuwa 1,400 mwezi uliopita na leo ni 600 ina mwenyewe, naye atafutwe: zidovudini, kotrimoksazoli ambayo wengi huijua kwa jina la Septrin, dawa za tezi, VVU vyenyewe, ukosefu wa foleti au vitamini B12, bandama iliyovimba kwa malaria ya muda mrefu, kifua kikuu kilichoingia ubohoni. Na aliye kwenye kemo akipata homa ya nyuzi 38 nyutrofili zikiwa chini ya 500, asipimwe jeni. Apewe antibiotiki ya mshipa ndani ya saa moja.

Je, tumpime kila mtu Duffy? Sidhani. Kwa njia ya kupima kundi la damu zinahitajika antisera mbili, yaani vimiminika vya kingamwili, anti-Fya na anti-Fyb, na kipimo cha Coombs kisicho cha moja kwa moja kwa nyuzi 37. Wanaotumia vimeng'enya kama papaini kuharakisha wajue kwamba papaini huifuta Duffy kwenye chembe, na kila mtu ataonekana hana. Kila duru ya upimaji inataka chembe za kulinganishia zilizo na Duffy, na hizo ndizo ngumu kuzipata mahali ambapo karibu kila mchangiaji hana. PCR, kipimo cha jeni kinachosoma ile herufi moja, ni safi zaidi, lakini ina gharama. Mahali ambapo jibu linajulikana kabla ya kupima, pesa hiyo ifanye kazi nyingine. Upimaji ubaki kwenye majaribio ya dawa, na kwa mtu ambaye namba yake haieleweki.

Kwenye majaribio ya dawa ndiko ningeweka nguvu zaidi. Jaribio la awamu ya kwanza hutafuta dozi kubwa inayovumilika, na kushuka kwa nyutrofili ni kigezo kimojawapo cha kusimamisha. Ukitumia 1,500 kama mlango, Waganda wengi hawaingii, na dozi inapangwa kwa miili mingine. Ukiwaingiza bila kubadilisha kigezo, watagonga daraja la 3 mapema na dozi itashushwa kwa kosa. Njia ni kupima kila mshiriki mara mbili kabla ya dawa, zikipishana wiki mbili, na kuandika kwenye itifaki kwamba kusimama kutategemea kushuka kutoka msingi wake mwenyewe, nusu kwa mfano, pamoja na sakafu ya 500 kwa wote. Hilo linahusu zaidi dawa za vipokezi vya kemokini vyenyewe. Dawa zinazoziba kipokezi cha CXCR2 ili kutuliza mapafu hupunguza nyutrofili za damu kwa namna zinavyofanya kazi. Upande wa pili, mavoriksaforu inayoziba CXCR4 huzitoa nyutrofili ubohoni. Iliidhinishwa Marekani mwaka 2024 kwa ugonjwa adimu wa WHIM, na inajaribiwa kwa watu wenye upungufu wa muda mrefu. Dawa ya kupandisha nyutrofili ikitua kwenye nchi inayoita 1,152 upungufu, itapata wateja wengi wasio wagonjwa.

Kamati za maadili za Kampala, Entebbe na Mbarara zina uwezo wa kulidai hili leo kwenye kila itifaki inayopita mezani kwao. Na maabara haihitaji kungoja waraka. Kujitengenezea viwango kunataka watu wenye afya 120, lakini kuthibitisha viwango vilivyokwisha kuchapishwa kunataka 20 tu. Watafutwe watu wazima wasio na homa, wasio na VVU wala malaria, wasio wajawazito maana mimba hupandisha nyutrofili, wasiotumia dawa. Wapimwe kwa mashine ileile ya kila siku, asubuhi. Wakitoka nje ya viwango vya Uganda wawili au pungufu, viwango hivyo vinafaa na viingizwe kwenye mashine. Wakiwa watatu au wanne, rudia kwa wengine 20. Mkuu wa maabara atie saini, na tarehe ya mabadiliko iandikwe kwenye daftari na chini ya kila karatasi ya majibu kwa miezi kadhaa, ili daktari anayeweka majibu ya Machi kando ya yale ya Julai asidhani mgonjwa wake amepona.